Video Yako Haionyeshi Kitu? Tafuta Kosa Mbele ya Kuuzisha Kamera

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumbani,

Mwezi huu somo letu la afya linahusu chombo ambacho pengine hukutazamia kukiona katika ukurasa huu: kamera. Utauliza: kamera na ugonjwa vinakutana wapi? Soma habari hii, utaelewa.

Katika masika ya mvua iliyopita, mtumikaji mmoja wa kikundi cha usiku alifika katika dispensere pamoja na bibi yake na mtoto wao wa miaka minne. Mtoto alikuwa ameanguka mara tatu katika mwezi mmoja, sikuzote usiku, sikuzote nyumbani. Lakini kila walipomleta kwetu, alikuwa mzima, anacheza na kofia ya baba yake. Munganga akawaambia: «Akianguka tena, mmoja amtunze mtoto, na mwingine apige video. Mniletee.»

Wakafanya hivyo. Baba alileta kamera yake ya dijitali, tukaitazama pamoja. Tuliona nini? Dakika mbili za giza lenye punje kama mchanga, mistari myeusi inayopanda kutoka chini kwenda juu, na sauti ya mama anayelia. Munganga akauliza: «Mkono gani ulianza kutetemeka? Macho yaligeukia upande gani?» Baba akainamisha kichwa, akajibu: «Sikuona, munganga. Nilikuwa ninaangalia kamera.»

Siku ile yule baba alitaka kuuzisha kamera yake. Nikamwambia: ngoja kwanza. Tulikaa naye saa moja, tukatafuta kosa moja kwa moja, jinsi fundi anavyotafuta kosa katika mashine iliyosimama. Yale tuliyoyaona ndiyo somo la leo.

SABABU GANI MUNGANGA ANAHITAJI VIDEO?

Kuna magonjwa yanayojificha. Mtu anaanguka nyumbani, anafika kwa munganga akiwa mzima. Mtoto anapumua vibaya usiku, asubuhi ametulia. Munganga akiona kwa macho yake namna tukio lilivyoanza, anaweza kutofautisha kifafa na kuzimia kwa kawaida, na kama ni kifafa, anaweza kujua kama kilianza upande mmoja wa mwili au mwili mzima kwa mara moja. Tofauti hiyo inaongoza uchaguzi wa dawa. Kwa hiyo video mbaya inaweza kumchelewesha mgonjwa kwa miezi mingi.

KWANZA MTU, KISHA KAMERA

Kabla hatujagusa kamera, shika sheria hii moyoni. Mtu akianguka na kutetemeka:

1. Ondoa karibu naye vitu vigumu, moto na maji. Weka nguo laini chini ya kichwa chake.
2. Usimfunge wala usimkaze mikono na miguu. Usimtie kitu chochote kinywani, wala kijiko, wala kidole, wala dawa.
3. Legeza nguo shingoni. Mara tu inapowezekana, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje.
4. Tazama saa. Kama kutetemeka kunapita dakika 5, au kama kunaanza tena mbele ya mgonjwa kupata fahamu, mpeleke hospitali mara moja. Vilevile kama ndiyo mara ya kwanza.
5. Mtoto mwenye homa anayetetemeka anaweza kuwa na malaria kali. Huyo hangojewi video. Huyo anakimbizwa.

Kama uko peke yako na mgonjwa, weka kamera chini. Wala usione haya kwa kuwa hukupiga video. Video inafaa pale tu ambapo kuna mtu wa pili.

TAFUTA KWANZA: KOSA LIKO WAPI?

Fundi mwema hafungui mashine nzima. Anauliza kwanza: kosa liko sehemu gani? Video inapita njia nne: lenzi na mwanga, mipango ya kamera, kadi ya kumbukumbu, halafu kuonyesha au kutuma. Basi fanya jaribio hili. Toka nje mchana, simama kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, weka kamera juu ya ukuta mfupi, piga video ya mtu kwa sekunde 20. Kisha itazame katika kamera yenyewe.

Kama ni nzuri mchana na mbaya usiku, kosa ni la mwanga. Kama ni mbaya mchana pia, tazama lenzi na mipango. Kama inakwama au inakatika katikati, shuku kadi. Kama ni nzuri katika kamera lakini mbaya katika televisheni au katika telefone ya rafiki, kamera yako haina kosa. Kosa liko njiani.

Angalisho: kioo cha kamera ni kidogo, kinaficha ukungu. Kwa hiyo thibitisha mwishoni katika kioo kikubwa.

1. LENZI CHAFU

Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi, na halina gharama. Alama ya kidole chenye mafuta inafanya picha yote kuwa kama moshi, na kila taa inaota miale mirefu.

Lakini usipanguse kwa ncha ya shati ya kazi! Vumbi la miamba yetu lina punje za kwazi, na kwazi ni ngumu kuliko kioo. Ukisugua, unakwaruza lenzi, na mkwaruzo hauponi. Peperusha vumbi kwanza kwa kipulizio kidogo cha mpira au kwa brashi laini, halafu pangusa polepole kwa kitambaa laini, safi na kikavu. Na fikiri kidogo, ndugu: vumbi lile linalokwaruza kioo, likiingia katika mapafu linafanya nini? Linaleta silikosisi, na kovu la mapafu haliponi pia. Lenzi unaweza kununua nyingine. Vaa maske yako.

Tena kuna ukungu wa maji. Kamera iliyokaa katika ofisi yenye mashine ya baridi, ukiitoa ghafula kwenye joto la masika, inatoka jasho. Usiipanguse ndani wala usiifungue. Mbele ya kutoka, ifunge katika mfuko wa plastiki, na nje uiache humo mpaka ipate joto la mahali pale. Jasho litabaki juu ya mfuko.

2. MWANGA HAUTOSHI

Watu wengi wanasema: «Foto zangu za usiku ni nzuri, sababu gani video ni mbaya?» Jibu ni hili. Kwa foto moja kamera inaweza kufungua jicho lake muda mrefu na kukusanya mwanga, au kuwasha mmweko wake. Kwa video inapaswa kupiga picha 25 au 30 katika kila sekunde. Kwa kawaida kila picha inapata muda usiopita sehemu ya 25 ya sekunde. Mwanga ukiwa kidogo, kamera inajilazimisha kuona, kama mtu anayeongeza sauti ya redio ya mbali: anasikia maneno, lakini anasikia makelele pia. Zile punje kama mchanga ndizo makelele ya picha.

Dawa yake si kamera ghali, ni taa:

— Leta taa karibu. Taa ndogo iliyo mita 2 kutoka kwa mgonjwa, ukiisogeza mpaka mita 1, inampa mwanga mara 4, siyo mara 2.
— Taa iwe nyuma au ubavuni mwa mpiga video. Ikiwa nyuma ya mgonjwa, kamera itaona taa na mgonjwa atakuwa kivuli cheusi. Vilevile kwa dirisha mchana.
— Tumia taa ya betri pamoja na taa ya nyumba. Usimwelekezee mgonjwa mwanga machoni. Elekeza kwenye ukuta mweupe au dari, mwanga utarudi kwa upole.
— Usitumie mpango wa usiku wa kamera kwa mambo yanayotembea. Katika kamera nyingi mpango huo unapunguza idadi ya picha, na mkono unaotetemeka unakuwa kama moshi.

3. MISTARI INAYOPANDA NA KUSHUKA

Mistari ile katika video ya baba yetu ilitoka wapi? Umeme wetu wa Kongo ni wa hezi 50. Taa nyingi zinazotumia umeme huo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho letu halioni, lakini kamera inaona. Kamera nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zimepangwa kwa umeme wa hezi 60. Kamera na taa zikikosa kwenda pamoja, kama wapiga ngoma wawili wanaopishana, mistari inaonekana.

Fungua orodha ya mipango ya kamera, tafuta pameandikwa 50 Hz na 60 Hz, au PAL na NTSC. Chagua 50 Hz, au PAL, yenye picha 25 kwa sekunde. Kama kamera yako inakuruhusu kupanga muda wa kila picha, weka 1/50 au 1/100. Ndiyo tu. Haidai hata franka moja.

4. MIPANGO MIDOGO NA ZUMU YA UONGO

Mfanyabiashara anakwambia: «Kamera hii ni ya megapikseli 12!» Namba hiyo ni ya foto. Kamera ile ile, hasa ikiwa ya zamani, inaweza kupiga video ya nukta 640 kwa 480, maana yake nukta 307.200 tu. Video ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2.073.600, karibu mara 7 zaidi. Tazama katika mipango. Watu wengi wanachagua video ndogo ili kadi isijae, kisha wanasahau kuirudisha. Kwa mambo ya munganga, weka 1280 kwa 720 au 1920 kwa 1080. Haina lazima kupita hapo.

Na zumu? Kuna mbili. Zumu ya lenzi inasogeza vioo ndani ya kamera, nayo ni ya kweli. Zumu ya dijitali inakata kipande cha picha na kukitanua, kama kuvuta kitambaa mpaka matundu yaonekane. Izime. Zumu bora ni miguu yako: sogea karibu.

5. MKONO UNATETEMEKA, JICHO LA KAMERA LINAHANGAIKA

Aliyemwona mtoto wake ameanguka anatetemeka. Si aibu. Basi egemea ukuta, bana viwiko kwenye mbavu, shika kwa mikono miwili, au weka kamera juu ya kiti. Ishike kwa ulalo, isiwe wima, ili mwili mzima uingie. Usizunguke-zunguke. Kaa mahali pamoja, na mwonyeshe mgonjwa wote kutoka kichwa mpaka miguu. Baadaye onyesha uso na macho kwa muda mfupi.

Kama picha inakuwa wazi halafu inapotea, wazi halafu inapotea, kamera inahangaika kutafuta umbali. Sababu ni giza, au uko karibu mno, au kuna kitu mbele, kwa mfano chandarua cha mbu. Ongeza mwanga, rudi nyuma hatua moja, funua chandarua. Katika telefone, gusa kioo mahali mgonjwa anapoonekana.

6. KADI INACHELEWA AU IMEJAA

Kamera ikisimama yenyewe baada ya sekunde chache, au video ikirukaruka, tazama kadi ya kumbukumbu. Kila kadi ina mwendo wake. Kadi yenye alama ya 4 ndani ya duara inaahidi kuandika megabaiti 4 kwa sekunde. Yenye alama ya 10 inaahidi megabaiti 10. Yenye V30 inaahidi 30. Tufanye hesabu: video ya megabiti 24 kwa sekunde ni megabaiti 3 kwa sekunde, maana biti 8 ni baiti 1. Dakika moja inakula megabaiti 180. Kadi ya 4 inakaribia mwisho wa nguvu yake. Kadi ya 10 inatosha vizuri.

Jihadhari na kadi za uongo sokoni, zilizoandikwa namba kubwa kuliko ukweli. Ijaribu kwanza: ijaze video, kisha zitazame zote mpaka ya mwisho. Na mara kwa mara, ukishanakili kila kitu mahali pengine, isafishe kadi kwa mpango wa kamera yenyewe. Kumbuka: kusafisha kunafuta vyote.

7. KOSA LA NJIANI

Waya wa zamani wenye kichwa cha manjano haupitishi picha za ukubwa wa 1280 au 1920. Picha zinapunguzwa. Kama kamera na televisheni vina tundu la HDMI, tumia waya huo. Kompyuta dhaifu nayo inaweza kurukisha video nzuri. Ijaribu katika kompyuta nyingine mbele ya kulaumu kamera.

Tena ukituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa ili iwe nyepesi, na mambo madogo yanapotea. Itume kama dokima, au bora zaidi leta kamera yenyewe au kadi yake mpaka dispensere.

VIDEO YA MTOTO ANAYEPUMUA VIBAYA

Mama, ikiwa mtoto anakohoa na pumzi ni ya mbio, fungua nguo kifua chote kionekane. Weka taa ubavuni, kwa maana mwanga wa upande unatia vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani wakati wa kuvuta pumzi. Mtoto awe ametulia. Piga dakika 1 kamili, bila kukata.

Wewe mwenyewe unaweza kuhesabu. Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za mbio. Miezi 2 mpaka karibu 12: 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka miaka 5: 40 au zaidi. Pumzi za mbio, au kifua kinachoingia ndani, au mtoto asiyeweza kunyonya: njoo leo, usiku huu, pamoja na video au pasipo video.

SHERIA ZA SHIMONI NA ZA HESHIMA

Kazini hupigi video pasipo ruhusa ya mkubwa wako. Telefone na vyombo vya redio vinawekwa mbali na mahali pa baruti na viwashio vya umeme, kufuatana na sheria za mahali pa kazi. Usipige video ukitembea kinyumenyume, wala ukiendesha, wala karibu na mashine inayozunguka. Mtu anayetazama kioo cha kamera haoni gari la tani 100 linalokuja nyuma yake.

Na mgonjwa ni mtu. Omba ruhusa yake, au ya wazazi wake. Video yake ni ya munganga, si ya majirani wala ya kucheka katika baa. Munganga akishaiona na kuiweka, ifute.

MTOTO YULE JE?

Katika kamera ya baba yule tulikuta makosa manne: mafuta juu ya lenzi, video ya 640, umeme wa hezi 60, na taa iliyokuwa nyuma ya kitanda. Tuliyatengeneza yote mezani pangu pasipo kununua kitu. Kisha tukagawanya kazi: mama amtunze mtoto, shemeji apige video, na baba ashike taa na saa.

Majuma sita yakapita. Mtoto akaanguka tena. Safari hii tuliona sawasawa: mkono wa kuume ulianza, kinywa kikavutwa kuume, kisha mwili wote. Tuliona pia mama anamlaza mtoto kwa ubavu bila kumtia kitu kinywani, na tukasikia sauti ya baba ikihesabu dakika. Munganga aliitazama mara tatu, akaandika barua kwa mwenzake wa magonjwa ya ubongo katika hospitali kubwa. Leo mtoto anameza dawa kila siku. Dawa hiyo si ya siku moja, wala haikatwi kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Lakini wazazi wake sasa wanajua wanapigana na nini.

Na baba aliniambia neno moja: «Safari hii niliangalia mtoto wangu, maana mwingine ndiye aliyeangalia kamera.»

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomee watu wa nyumbani somo hili, kisha waulize:

1. Mtu akitetemeka, tunamtia nini kinywani? (Hatumtii kitu.)
2. Ni dakika ngapi zikipita tunakimbia hospitali? (5.)
3. Mistari inapanda katika video: tunapanga hezi ngapi? (50.)
4. Taa inakaa upande gani? (Nyuma au ubavuni mwa mpiga video. Kwa kifua cha mtoto, ubavuni.)
5. Nani anaona video ya mgonjwa? (Munganga, na wale aliowaruhusu mgonjwa.)

Jioni hii, kabla ya kulala, washa kamera yako au telefone yako. Pangusa lenzi, tazama mipango, piga sekunde 20 ndani ya nyumba kwa taa ya usiku. Kosa ukilipata leo, utalitengeneza kwa utulivu. Usingoje ulipate siku mtoto amelala chini.

Kazi njema, na usalama.

Munganga msaidizi wenu